Hesabu Pumzi za Mtoto

Wanavikundi hutuuliza: pale zahanati wanajuaje kwamba kikohozi si cha baridi tu, ni nimonia? Hilo hata wanaosomea uklinikali ofisa hawana budi kulijua. Na jamani, halihitaji mashine.

Mtoto atulie kwanza. Akilia au akinyonya, hesabu itadanganya. Mfunue kifua, shika saa, hesabu kinavyopanda kwa dakika 1 nzima. Wengine huhesabu nusu dakika halafu wakazidisha; sisi hatukubali. Mtoto wa chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni nyingi mno (hesabu tena uhakikishe). Miezi 2 hadi 11, ni 50. Mwaka 1 hadi 5, ni 40. Akifika hapo, zahanati siku hiyo hiyo, na si kumpa dawa zilizobaki za nduguye.

Lakini akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akishikwa na degedege, akilegea asizinduke, au kifua kikibonyea ndani akivuta pumzi, basi usingoje kuche. Nauli ya usiku kutoka Bura hadi Voi si mchezo, kwa hiyo kikundi kitenge fungu lake mapema, mbali na zile pesa za meri-go-raundi.