Al-Hijr: Mkono wa mmoja, maangamizi ya wengi

Shukrani zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Ndugu Waislamu, Qur'ani Tukufu inatuhimiza mara kwa mara tutembee katika ardhi na kutazama ulikuwaje mwisho wa waliokadhibisha. Kwa nia hiyo, sisi kundi la wanafunzi wa Afrika Mashariki tuliokuwa tukisoma Madina tulifunga safari hadi Al-Hijr, mahali panapojulikana pia kwa jina la Madain Saleh. Magofu hayo yapo jangwani karibu na mji wa Al-Ula, zaidi ya kilomita 300 kaskazini mwa Madina. Mwaka 2008 yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, yakiwa ya kwanza kutoka Saudi Arabia.

Kabla ya kuondoka, baadhi yetu walisita. Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) alipopita hapo katika safari ya Tabuk, mwaka wa 9 Hijria, aliwakataza masahaba kuingia katika makazi ya waliojidhulumu ila wawe wenye kulia. Aliamrisha maji waliyoteka yamwagwe na unga waliokanda walishwe ngamia, kisha wateke katika kisima alichokuwa akinywa ngamia wa Nabii Saleh (A.S.). Basi mwalimu wetu akatuwekea sharti: tusile, tusifanye mzaha, wala tusikae muda mrefu.

Tuliyoyaona yanashangaza. Yapo makaburi makubwa 111 yaliyochongwa katika majabali, na 94 kati yake yamenakshiwa. Moja limesimama peke yake katika jabali lake, na sehemu yake ya chini haikumalizika. Ndipo tukafahamu kuwa mafundi walichonga kuanzia juu kushuka chini.

Mwenzetu mmoja akauliza: mbona wanahistoria wanasema makaburi haya ni ya Wanabatea, wa karne ya kwanza kabla na baada ya kuzaliwa Nabii Isa (A.S.)? Swali hilo ni zuri, wala halipaswi kumtia Muislamu hofu. Maandishi yaliyo juu ya milango yanawataja Wanabatea hao kwa majina. Lakini hawakuwa watu wa kwanza katika bonde hilo, kwani yamepatikana humo pia maandishi ya kabla yao. Na jina la Thamud limetajwa katika maandishi ya wafalme wa Ashuri wa karne ya 8 kabla ya Nabii Isa. Hatuna haja ya kulinasibisha kila jiwe na Thamud ili tuisadiki Qur'ani.

Funzo kubwa zaidi limo katika kisa chenyewe. Thamud hawakuamrishwa jambo zito. Waliambiwa wagawane maji kwa zamu, siku moja ya ngamia na siku moja yao, wala wasimguse kwa ubaya. Qur'ani inasema mtu mwovu wao mmoja ndiye aliyejitokeza; tena wenyewe ndio waliomwita. Hata hivyo, katika Surat Ash-Shams kitendo hicho kinatajwa kuwa cha wote, na adhabu ikawafika wote isipokuwa Saleh na walioamini pamoja naye. Mkono ulikuwa wa mmoja, lakini ridhaa ilikuwa ya kaumu nzima.

Wazazi na walezi, tuwauleze watoto wetu jambo hili. Anapodhulumiwa yatima mtaani, au mwenye nguvu anapouziba mfereji wa maji ya wanyonge, nasi tukanyamaza kwa kuwa hatukuwa sisi tuliotenda, je, tuna tofauti gani na waliosimama wakitazama siku ile? Majabali yao hayakuwafaa kitu.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa wanaozingatia, na wanaokataza mabaya kabla hayajawaenea. Amin.