Manowari Iliyogawa Maji

Jamaa zangu, sisi watu wa pwani tukitajiwa manowari huwaza mizinga. Nami nilikuwa hivyo hivyo hadi nilipofuatilia habari za Aceh, Indonesia.

Tarehe 26 Desemba 2004, baada ya tetemeko, bahari iliwapanda. Wimbi lile lile lilivuka hata likaua watu Dar es Salaam. Huko Aceh barabara ya pwani ya magharibi na madaraja yake vilichukuliwa. Msaada haukuwa na pa kupita. Tarehe 1 Januari 2005 ikafika Abraham Lincoln, manowari ya Marekani ibebayo ndege. Helikopta zake zikawa zinapeleka chakula Meulaboh na vijijini, zikirudi na majeruhi.

Kilichonigusa ni maji. Meli ile hugeuza maji ya chumvi kuwa ya kunywa. Mabaharia wakaunga bomba lenye bilula nyingi, wakajaza madumu, yakapakiwa helikopta. Visima vya wenyeji vilikuwa vimeingiwa na chumvi.

Wako wazee wetu wasemao Wamarekani walitafuta sifa. Siwabishii, ila maji yalinyweka. Mwanzoni mwa Februari manowari iliondoka, ikaja Mercy, meli ya hospitali, kushika zamu.