Kirundi na Kiha Katika Nyanda za Juu za Kigoma: Ulinganishi wa Lugha na Mipaka Yake

Mwanaisimu anapoziweka lugha mbili sambamba, swali la msingi si kama zinafanana, bali zinafanana kwa namna gani na kwa sababu ipi. Lugha zaweza kufanana kwa kuwa zimetokana na lugha mama moja. Huo ni undugu wa nasaba. Zaweza pia kufanana kimuundo pasipo undugu wowote. Aidha, zaweza kufanana kwa sababu wasemaji wake wameishi pamoja na kuazimana. Kinavajo cha Marekani na Kihmong cha kusini mwa China na Laos ni mfano wa namna ya pili. Zote mbili ni lugha-toni, lakini kitenzi cha Kinavajo hubeba msururu wa viambishi awali, ilhali neno la Kihmong aghalabu ni silabi moja isiyoambishwa. Baada ya mwaka 1975 Wahmong wengi walikimbilia Marekani, lugha hizo mbili zikawa ndani ya nchi moja. Hata hivyo, kukaa nchi moja hakukuzifanya kuwa ndugu.

Nyanda za juu za Kigoma zinatoa mfano wa kinyume: lugha zenye undugu wa karibu sana zilizotenganishwa na mpaka wa nchi. Mtabila, wilayani Kasulu, ilikuwa kambi ya wakimbizi wa Burundi, wengi wao wakiwa wamekimbia vita vilivyofuata kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye mwezi Oktoba 1993. Kambi hiyo ilifungwa mwishoni mwa mwaka 2012. Wakati wa uhai wake, wakimbizi walisema Kirundi, wenyeji wa vijiji vya jirani walisema Kiha, na Kiswahili kilikuwa lugha ya serikali na ya sokoni.

Katika uainishaji wa Malcolm Guthrie, Kirundi ni D62 na Kiha ni D66, pamoja na Kinyarwanda (D61) katika kundi moja, ambalo wataalamu wa baadaye walilihamishia katika kanda ya J. Kiswahili kimo mbali zaidi, G42. Zote ni lugha za Kibantu, lakini umbali baina yake haulingani.

Tuanze na nomino. Kiswahili husema *mtu* na *watu*. Kirundi na Kiha husema *umuntu* na *abantu*. Irabu inayotangulia kiambishi cha ngeli, ambayo Kiswahili hakinayo, ni hai katika lugha zote mbili za nyanda hizi.

Jambo la pili ni kanuni ya Dahl, iliyopewa jina hilo na Carl Meinhof mwaka 1903 kwa heshima ya mmisionari Edmund Dahl, aliyeibaini katika Kinyamwezi. Kwa mujibu wa kanuni hii, konsonanti isiyo ghuna hugeuka kuwa ghuna iwapo silabi inayofuata inaanza na konsonanti isiyo ghuna. Ndiyo maana Warundi husema *ikirundi* na *ikigori* (hindi), lakini *igitabo* na *igiti*. Husema *kubona*, lakini *gukora*. Waha nao huiita lugha yao *Giha*, si *Kiha*. Jina lenyewe ni ushahidi wa kanuni. Hata hivyo, tahadhari inahitajika: kanuni hiyohiyo imo katika jina la Gĩkũyũ, lugha ya Kenya iliyo mbali na kundi hili. Sifa moja ya pamoja haitoshi kuthibitisha ukaribu. Panahitajika sifa nyingi zinazokubaliana.

Jambo la tatu ni toni. Kiswahili sanifu hakina toni, lakini Kirundi na Kiha ni lugha-toni. Katika Kirundi, toni hutofautisha hata njeo: kiambishi *-a-* chenye toni ya chini huonyesha tendo la muda mfupi uliopita, na chenye toni ya juu huonyesha tendo la zamani. Maandishi ya kawaida ya Kirundi hayaonyeshi toni. Hivyo umbo *bakoze* laweza kusomwa kwa njeo zote mbili, na msikilizaji ndiye anayepambanua.

Iwapo Kirundi na Kiha vinakaribiana kiasi hiki, na wasemaji wake huelewana, kwa nini zihesabiwe lugha mbili? Jibu halimo katika sarufi, bali katika historia. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Burundi iliwekwa chini ya Ubelgiji, na Buha ikawa sehemu ya Tanganyika chini ya Uingereza. Kirundi kikapata shule, maandishi, redio na hatimaye hadhi ya lugha ya taifa. Kiha kikabaki lugha ya nyumbani, huku elimu ya msingi na utawala vikiendeshwa kwa Kiswahili. Mpaka wa nchi ndio uliozipa tofauti zilizokuwapo uzito wa kuitwa lugha mbili.

Ulinganishi huu una matokeo katika maisha ya watu. Kabla ya Mtabila kufungwa, wakimbizi walihojiwa, na wachache walioonekana kuwa bado wanahitaji hifadhi walihamishiwa Nyarugusu. Katika mazingira ya namna hiyo, makosa mawili ni rahisi kutendeka. La kwanza ni kuifanya lugha kuwa hati ya uraia, ilhali sauti na viambishi haviishii mpakani. Mtu wa kijiji cha Tanzania kilicho karibu na Burundi aweza kuonekana mgeni kwa matamshi yake, na mgeni akaonekana mwenyeji.

Kosa la pili ni kudhani kwamba ukaribu wa lugha hurahisisha kila tafsiri. Anayejua Kiswahili akisikia *guteka* aweza kufikiria kuteka maji, au hata kuteka watu. Mrundi amesema kupika. Akisikia *igiti* atafikiria kiti. Mrundi amesema mti. Zito zaidi ni suala la njeo. Shahidi anayesema Kirundi huonyesha kwa toni kama tendo ni la karibu au la zamani. Mkalimani akitafsiri kwa *-li-* pekee, tofauti hiyo hupotea, na maelezo yaliyokuwa sahihi huonekana kujipinga. Mkalimani makini hana budi kuongeza *leo* au *zamani* pale ambapo sarufi ya Kiswahili iko kimya.

Kwa hiyo, ulinganishi wa lugha hueleza asili ya maneno na kanuni zake. Hauelezi mtu ni raia wa nchi gani, na wala haumwondolei mkalimani wajibu wa kusikiliza toni.