Madini ya Fedha: Nani Asema Yamekwisha?



Tajiri wa mgodi akitaka kufunga, husema, "Madini yamekwisha." Sisi wa viwandani na mashambani ni rahisi kumwamini, maana shamba likichoka huonekana kwa macho, lakini chini ya mgodi hatufiki. Basi tumeona vema tueleze jinsi hesabu hiyo inavyofanywa, tukichukua madini ya fedha.

Kinachoitwa akiba ya mgodi si fedha yote iliyomo ardhini. Ni ile tu ambayo ikitolewa italipa gharama na kumwachia mwenye mali faida. Tuseme, kwa mfano, tani moja ya mawe ina wakia 10 za fedha, na kuyachimba, kuyasaga na kuyasafisha ni dola 100. Wakia ikiuzwa dola 20, tani hiyo inaleta dola 200, nayo inaandikwa katika akiba. Bei ikianguka hadi dola 8, inaleta dola 80 tu, na tani ile ile inafutwa kitabuni. Hakuna aliyeiiba. Ipo pale pale.

Wenzetu wa mgodi wa Sunshine, huko Idaho, Marekani, waliyaona hayo. Mgodi huo ndio ulioungua mwaka 1972, wakafa wachimbaji 91 kwa moshi. Mwaka 2001 bei ya fedha ilikuwa chini ya dola 5 kwa wakia, mgodi ukafungwa na watu wakarudi makwao, na mawe yenye fedha yakabaki chini. Kwa hiyo chama kikiambiwa kwamba akiba imekwisha, swali la kwanza mezani ni hili: mmehesabu kwa bei gani?

Mtu atasema, basi bei ikipanda watachimba zaidi na ajira itaongezeka. Si hivyo upesi. Karibu sehemu saba katika kumi za fedha inayochimbwa duniani hutoka katika migodi ya risasi, zinki, shaba na dhahabu. Ndugu wa viwanda vya sukari wataelewa mara moja. Molasi hutoka kwenye miwa, lakini hata bei yake ikipanda maradufu, tajiri hapandi miwa kwa ajili ya molasi. Anatazama sukari.

Ushahidi ni wa mwaka 1980. Ndugu wawili matajiri wa Texas, Nelson Bunker Hunt na William Herbert Hunt, walikuwa wamelimbikiza fedha nyingi mno, na mwezi Januari bei ikakaribia dola 50. Migodi haikuweza kuongeza mzigo kwa muda mfupi namna ile, kwani mgodi mpya huchukua miaka. Kilichofurika sokoni ni vijiko, sarafu na mapambo ya watu, yakayeyushwa. Tarehe 27 Machi bei ilianguka chini ya dola 11. Kiwango kile cha 1980 kilikuja kupitwa mwaka 2025.

Tena kuna jambo linaloshangaza. Mashine ya kusaga mawe ina kipimo chake cha tani kwa siku. Bei ikiwa nzuri, mwenye mgodi huweza kuiingizia mawe yenye fedha kidogo, yaliyokuwa hayalipi. Wakia zinazotoka zinaweza hata kupungua, lakini mgodi unaishi miaka zaidi. Bei ikiwa mbaya, wengine hukimbilia mawe mazuri tu, wanakula kiini na kuacha ganda. Ganda hilo baadaye halifai kufuatwa peke yake, na kazi inakwisha mapema. Kwetu sisi hiyo ndiyo hatari kubwa kuliko zote.

Bolivia, kwenye mlima wa Potosí unaochimbwa tangu 1545, kampuni moja ilianza mwaka 2008 kutoa fedha kutoka kwenye kifusi na changarawe za miteremkoni, mawe ambayo vizazi vilikuwa vikiyakanyaga.

Na hapa jirani, karibu na Lubumbashi, mgodi wa Kipushi una zinki, shaba, risasi na fedha pia. Ulifungwa 1993 katika misukosuko ya siasa na uchumi, ukakaa miaka 31. Ulipoanza tena kutoa mwaka 2024, kilichoufungua ni zinki.