Resori ya nyuma haikuvunjwa na shofere



Juma hili siandiki juu ya chakula wala juu ya homa ya watoto. Naandika juu ya resori za gari. Najua wengine mtasema hayo ni mambo ya wanaume. Mimi pia nilisema hivyo miaka mingi, huku nikiketi juu ya magunia ya muhogo nyuma ya pikapu, bila kujua ni chuma gani kinanibeba. Someni hadi mwisho, mtaona kwa nini sisemi tena hivyo.

Gari yenyewe ni Toyota Land Cruiser HJ47 ya mwaka 1982, ile ya zamani yenye taa za mviringo. Gari za ukoo huo ziliacha kutengenezwa Japani mwaka 1984, lakini huku kwetu ziliendelea kufanya kazi miaka mingi baada ya hapo. Baba mkwe alisomba nayo mchele na nyanya toka bonde la Ruzizi, akapanda mlima wa Ngomo, akashusha mizigo Bukavu. Injini yake ya mazutu, yenye silinda 6, haikumsumbua. Kilichomsumbua ni resori ya nyuma, upande wa kushoto. Katika mwaka mmoja ilivunjika mara tatu.

Kila mara lawama ilimwangukia shofere, ambaye ni shemeki yangu, mdogo wa bwana yangu. Mzee alisema anapakia kupita kiasi na kuficha fedha. Shemeki alikana, maneno yakawa makali. Mwishowe alirudisha funguo, akaenda kutafuta kazi Uvira, na gari ikabaki uani chini ya mti wa avoka. Mzee alifariki kabla ya wawili hao kupatana vizuri.

Mwaka jana zamu yangu ya likelemba ilifika. Tulikaa na bwana yangu na mama mkwe, tukapatana kuifufua gari ile. Tulimwita fundi mmoja mzee wa mtaa wetu, na kwa kuwa fedha ilikuwa yangu, niliamua kusimama karibu naye na kuuliza kila kitu.

Rula ya mtoto wa shule

Siku ya kwanza fundi hakufungua kitu. Alimwita binti yangu alete rula ya shule, ile ya sentimita 30. Aliiweka juu ya meza na kuipinda kama daraja, ncha zote mbili zikigusa meza. Akamwambia mtoto abonyeze mgongo wa daraja kwa kidole. Ncha zikakimbiana.

"Mama, umeona? Upinde ukishuka, unarefuka. Resori ni hivyohivyo."

Resori ya pikapu ni vyuma bapa vilivyopindwa na kupangwa pamoja, ambavyo mafundi wetu wanaviita malame. Lame iliyo ndefu kupita zote ina ncha mbili zilizokunjwa kama masikio. Sikio la mbele limefungwa kwa buloni nene kwenye kibebeo cha shasi. Linaweza kuzunguka kidogo, lakini haliendi mbele wala nyuma. Sikio la nyuma halikufungwa hivyo. Linashikwa na jumele, yaani vibao viwili vya chuma vinavyoning'inia chini ya shasi na kucheza kama bembea.

Gari ikipakiwa au ikiingia shimoni, upinde unanyooka, urefu unaongezeka, na jumele inaenda nyuma kuupatia nafasi. Si jambo dogo. Resori yenye mita 1.2 toka sikio hadi sikio, na upinde wa kina cha sentimita 12, ikinyooshwa kabisa hurefuka karibu sentimita 3. Hizo sentimita 3 lazima zipate mahali pa kwenda.

Nikamuuliza: "Fundi, kama kucheza ni kuzuri, kwa nini wasiache ncha zote mbili zicheze?"

Alicheka, akanijibu kwamba resori ya gari hii ina kazi mbili. Inabeba mzigo, na tena inashika ekseli, yaani ule mhimili wa chuma wenye magurudumu mawili ya nyuma. Magurudumu yanaposukuma gari kupanda Ngomo, nguvu yote inapita kwenye nusu ya mbele ya resori hadi kwenye lile sikio lisilosogea. Ncha zote zikiachwa huru, ekseli itatangatanga chini ya gari. Zikifungwa zote, resori itavunjika au itang'oa kibebeo kwenye shasi.

Tulichokuta chini ya matope

Siku ya pili gari iliinuliwa. Fundi aliegemeza shasi juu ya vitegemeo vizito vya chuma, kisha akaweka kriki chini ya ekseli ili kuishusha polepole. Watoto walifukuzwa mbali. Alituonya kwamba kriki peke yake si kitu cha kulala chini yake, na kwamba resori iliyobanwa ina nguvu ya kuvunja mkono ikifunguliwa vibaya.

Upande wa kuume buloni zilikuwa na kutu, lakini jumele ilicheza. Upande wa kushoto fundi alikwangua matope na grisi kavu kwa muda mrefu. Kisha akanyamaza. Akaniita.

"Mama, njoo uone mwenyewe."

Jumele ilikuwa imechomelewa. Mtu aliiunganisha na shasi kwa moto, juu na pembeni, ikawa kitu kimoja. Haikuweza kusogea hata unene wa ukucha.

Bwana yangu akakumbuka. Zamani gari ilikuwa ikigonga nyuma, ko-ko-ko, kila inapopita shimo. Mzee aliipeleka kwenye garaji moja, na iliporudi kelele ilikuwa imekwisha. Wote walifurahi. Kelele ile ilitoka kwenye silambloki, zile raba zinazokaa ndani ya masikio, ambazo zilikuwa zimekwisha kabisa. Dawa ilikuwa kubadilisha raba. Wao walifunga mdomo wa chuma kilichokuwa kinalia.

Tangu siku hiyo resori ya kushoto haikuwa na mahali pa kurefukia. Kila shimo liliikunja karibu na sikio, hadi ikakatika. Waliibadilisha, ikakatika tena. Shofere angeweza kupakia nusu ya mzigo, nayo ingekatika tu, labda kwa kuchelewa kidogo.

Bwana yangu alikaa chini pale pale juu ya jiwe. Jioni alimpigia mdogo wake simu. Sikusikia yote waliyosema, na si yote yanafaa kuandikwa. Jumamosi shemeki alifika toka Uvira. Mama mkwe alimshika mkono, akampeleka hadi kwenye gari, akamwonyesha ule mchomeleo, akasema: "Mwanangu, baba yako hakujua. Hata sisi hatukujua. Utusamehe."

Jinsi tulivyoirudisha

Fundi alikata mchomeleo, akachunguza shasi na vibebeo vyote kwa kukwangua kutu na kutafuta nyufa. Tulinunua resori za pande zote mbili, zenye idadi sawa ya malame, kwa sababu upande mpya na upande mzee haziendi pamoja: gari itainama. Lame iliyovunjika hatukuikubali ichomelewe. Chuma cha resori kimepikwa kwa namna yake ili kirudi kinapopindwa, na moto wa kuchomelea unaharibu mapishi hayo.

Katikati ya resori kuna buloni inayoshika malame pamoja. Kichwa chake lazima kikae sawasawa ndani ya tundu la ekseli. Kisipokaa, ekseli inakwenda mshazari na gari inatembea upande kama kaa. Fundi alipima toka buloni ya sikio la mbele hadi ekseli, kushoto na kuume, mpaka vipimo vikalingana. Kisha akafunga bridi mpya, vile vyuma vyenye umbo la herufi U, akikaza ekru kwa zamu, pembe hii halafu pembe ya kuikabili.

Buloni za masikio na za jumele alizikaza kidogo tu gari ikiwa bado juu. Aliposhusha magurudumu chini na uzito ukakaa juu ya resori, ndipo alipozikaza za mwisho. Ukizikaza gari ikiwa hewani, raba zinabaki zimesokotwa na zinachakaa mapema. Alitazama pia jumele: chini yake ielekee nyuma kidogo. Ikielekea mbele, inaweza kujikunja vibaya na kukwama.

Maswali ya kuuliza garajini

Wamama wengi kati yetu tuna gari ya jamaa, au tunakodi gari na kupanda juu ya mizigo pamoja na watoto. Kabla ya kulipa fundi, ulizeni haya:

1. Je, jumele za pande zote mbili zinacheza? Akisema amezichomelea ili gari iwe ngumu, msikubali.
2. Kama gari inagonga, je, raba zimetazamwa?
3. Je, resori za kushoto na kuume zina malame sawa?
4. Je, bridi ni mpya? Je, ekru zitakazwa tena baada ya siku chache za kazi? Chuma kipya hukaa mahali pake kikiisha kubeba mzigo, na ekru hulegea.
5. Je, vipimo vya ekseli vinalingana pande mbili?

Si lazima mjue kufungua buloni hata moja. Mkiuliza tu, fundi atajua kwamba kuna jicho linaloangalia.

Gari yetu inapanda Ngomo tena, na shofere ni shemeki yuleyule. Bado hapakii kupita kiasi. Mama mkwe ameomba ile jumele mzee isitupwe. Imewekwa nyumbani juu ya kabati, na mtu akianza kumlaumu mwenzake kabla ya kutazama, mama anainyoshea kidole tu.