Ahadi ya "Pesa Mfukoni": Kwa Nini Mgombea wa Wanyonge Huvuta Kura

Wanasiasa wanaojinadi kuwa sauti ya wanyonge dhidi ya wakubwa wamekuwa wakipata kura nyingi katika mataifa mbalimbali. Mfano wa karibu ni Zambia, nchi inayounganishwa na Tanzania kwa reli ya TAZARA, ambako Michael Sata alichaguliwa kuwa Rais Septemba 2011 baada ya kushindwa mara tatu.

Sata alianzisha chama cha Patriotic Front (PF) mwaka 2001, na katika uchaguzi wa mwaka huo alipata takriban asilimia 3 tu ya kura. Mwaka 2006 alipata asilimia 29, mwaka 2008 asilimia 38, na mwaka 2011 asilimia 42, akimshinda Rais aliyekuwa madarakani, Rupiah Banda.

Mvuto wake ulitokana na mambo matatu. La kwanza ni hali halisi ya maisha. Uchumi wa Zambia ulikuwa ukikua na bei ya shaba imepanda, lakini wachuuzi wa Lusaka na vijana wa Copperbelt hawakuona nafuu hiyo majumbani mwao. La pili ni lugha nyepesi. Aliahidi kodi ndogo, ajira zaidi na pesa mfukoni, na kwamba mabadiliko yangeonekana ndani ya siku 90. La tatu ni kumtaja mhusika wa matatizo hayo, hasa wawekezaji wa Kichina katika migodi, ambako wafanyakazi walilalamikia ujira na usalama kazini.

Baada ya kuapishwa, baadhi ya hatua zilichukuliwa. Mwaka 2012 Serikali ilipandisha kima cha chini cha mshahara na kuongeza mrabaha wa madini kutoka asilimia 3 hadi 6. Hata hivyo, Sata alilegeza msimamo wake kuhusu wawekezaji wa Kichina, na mwaka 2013 Serikali yake iliondoa ruzuku ya mafuta kwa sababu ya mzigo wake kwa bajeti. Bei ya mafuta ikapanda, na waliobeba gharama hiyo ni pamoja na wananchi walioahidiwa pesa mfukoni.

Mfano huo unaonesha kuwa malalamiko ya wapiga kura yanaweza kuwa ya kweli kabisa, huku suluhisho wanaloahidiwa likiwa halijapigiwa hesabu. Kumpenda mgombea kwa sababu anaijua shida ya mwananchi si kosa, bali kunapaswa kuambatana na maswali.

Kabla ya kupiga kura, ni vyema mwananchi asome ilani ya chama husika na kujiuliza: fedha za kutekeleza ahadi hii zitatoka wapi? Je, inahitaji sheria mpya, na Bunge litaipitisha? Itatekelezwa kwa muda gani, na nani atakayebeba gharama yake? Mikutano ya kampeni ndiyo mahali pa kuuliza maswali hayo, kabla ya siku ya kupiga kura.