Je, Wajua? Mlango Uliomficha Phyllis

Je, wajua kwamba filamu maarufu ya Double Indemnity ya mwaka 1944 ilichipuka kutokana na mauaji ya kweli? Mwaka 1927, mjini New York, Ruth Snyder alimuua mumewe akishirikiana na hawara yake, Judd Gray, mtu wa kawaida kabisa aliyekuwa akiuza nguo za ndani za kike. Kabla ya hapo mume alikuwa amekatiwa bima ya maisha yenye kipengele cha kulipa maradufu. Wauaji wote wawili walinyongwa? La, walikalishwa kwenye kiti cha umeme, Januari 1928.

Mwandishi James M. Cain akaandika hadithi kutokana na mauaji hayo, kisha mwongozaji Billy Wilder na mwandishi Raymond Chandler wakaigeuza kuwa filamu: Walter Neff, wakala wa bima wa Los Angeles, ananaswa na Phyllis, mke wa mteja wake, na wawili hao wanamuua mteja huyo ili wapate fedha za bima.

Tukio linalonikosesha pumzi hadi leo halina hata bunduki. Keyes, mchunguzi wa madai ya bima ambaye hapaswi kujua uhusiano wao, anatoka nyumbani kwa Walter. Phyllis amejibanza koridoni nyuma ya mlango ulio wazi, akivuta kitasa taratibu ili Walter ajue yupo. Mlango unafungukia nje, kinyume na kawaida ya nyumba za kupanga za Marekani. Ungefungukia ndani, Phyllis angeonekana papo hapo.

Kwa ajili ya mwisho wa filamu, Wilder alipiga pia picha za Walter akiuawa katika chumba cha gesi, halafu akaziondoa.